Kanuni za Mezani na Haki ya Wasioketi: Somo juu ya Mashindano ya Poka Mtandaoni



Katika mfululizo wa masomo yetu ya maadili tumefika kwenye Amri ya Saba na ya Kumi. Leo tunazitazama amri hizo kupitia jambo lililoingia mikononi mwetu kwa njia ya simu: mashindano ya poka, yaani mchezo wa karata unaochezwa kwa fedha mtandaoni. Katika kanda yetu watu wamekwisha kuzoea habari za kubeti mpira. Mkeka ukichanika, kijiwe kizima kinajua. Mashine za dubwi nazo ziko karibu na maduka na baa, tangu Shinyanga mjini na Kahama hadi Katoro na Nyarugusu. Poka ya mtandaoni ni tofauti kidogo, kwa sababu inachezwa kimya kimya, usiku, na mtu aliye peke yake na simu yake.

Wapo wanaouliza: je, mchezo huu ni dhambi? Wengine wanasema: mbona una kanuni kali na adabu, na tena unahitaji akili? Hatuwezi kujibu kwa haki pasipo kujua mchezo wenyewe unavyokwenda. Kwa hiyo tutaeleza kwanza mashindano na kanuni zake, kisha adabu yake, halafu tupime yote kwa mafundisho ya Kanisa.

1. Mashindano yanavyokwenda

Katika aina ya poka inayojulikana zaidi, Texas Hold'em, kila mchezaji hupewa karata mbili za siri. Baadaye karata tano hufunuliwa katikati ya meza, nazo ni za wote. Kila mmoja hutafuta kupata seti bora ya karata tano. Kati ya hatua moja na nyingine wachezaji huweka dau, hulipandisha au huachia karata zao na kutoka katika mzunguko huo.

Katika mashindano, mchezaji hulipa kiingilio mara moja na kupewa sarafu za mchezo. Sarafu hizo hazina thamani dukani. Ni za kuhesabia tu. Kila baada ya dakika kadhaa madau ya lazima hupanda, ili wachezaji wasikae wakisubiri karata nzuri bila kuthubutu. Anayeishiwa sarafu ametoka. Wachache wanaobaki mwishoni ndio wanaogawana zawadi, na wa kwanza hupata fungu kubwa kuliko wote.

Tuchukue mfano wa hesabu. Watu 100 wanaingia, kila mmoja akilipa shilingi 10,000 za zawadi na shilingi 1,000 za mwenye mtandao. Zimekusanywa shilingi 1,100,000. Mwenye mtandao anachukua 100,000 yake hata kabla karata ya kwanza haijagawiwa. Tuseme wanaolipwa ni 15. Basi watu 85 wanaondoka mikono mitupu, na baadhi ya wale 15 wanapata kiasi kidogo tu kuzidi kiingilio chao. Wote 100 wakichukuliwa pamoja, wamepoteza shilingi 1,000 kila mmoja. Wakirudia kila usiku kwa siku 30, wastani wa hasara ni shilingi 30,000 kwa kila kichwa, wala hakuna aliyedanganya.

Ni kweli kwamba akili ina nafasi yake. Mchezaji mzuri anajua lini aachie karata, naye hutambua tabia za wenzake. Lakini hata mwenye ree mbili mkononi, ambazo ndizo mwanzo bora kuliko wote, akikabiliana na jozi ndogo hupoteza kama mara moja katika kila tano. Ustadi huonekana baada ya michezo mingi sana, na wengi huishiwa fedha kabla ya kufika huko.

2. Kanuni: Amri ya Saba katika vipengele vidogo

Mashindano makubwa ya poka yana kanuni zilizoandikwa. Mwaka 2001 wasimamizi wa mashindano nchini Marekani waliunda chama chao ili kanuni zifanane kila mahali. Mitandao nayo ina kanuni zake, na zilizo kuu ni hizi:

a) Mtu mmoja, akaunti moja. Hairuhusiwi kuingia kwa majina mawili, wala kucheza kwa akaunti ya ndugu. Mwaka 2007 mshindi wa shindano kuu la mtandaoni la PokerStars alinyang'anywa ushindi wenye thamani ya zaidi ya dola milioni 1 baada ya kuonekana kwamba kanuni hii ilivunjwa. Kwetu, anayejisajili kwa laini ya simu ya dada yake au ya mzee wa nyumbani anavunja kanuni hiyo hiyo, na pia anabebesha jina la mwingine mambo asiyoyajua.

b) Mchezaji mmoja kwa karata zake. Anayecheza haruhusiwi kushauriwa na mtu aliyesimama nyuma yake, wala kumwachia mwenzake mwenye ujuzi amalizie hatua za mwisho.

c) Marufuku kushirikiana. Wawili walioketi meza moja hawaruhusiwi kuambiana karata kwa simu, kupeana sarafu kwa makusudi, wala kuhurumiana ili wamwondoe wa tatu. Hapa msomaji wa kwetu haitaji maelezo marefu. Anaijua karata tatu ya stendi na mnadani: yule anayeonekana kushinda mara mbili mfululizo ni mwenzake mchezeshaji, na mkulima aliyetoka kuuza pamba ndiye pekee asiyejua. Kushirikiana mtandaoni ni karata tatu iliyovaa suti.

d) Marufuku programu za kusaidia. Mashine inayocheza badala ya mtu, au inayompigia hesabu katikati ya mchezo, inawaibia walioingia wakiamini kwamba wanashindana na binadamu.

e) Mtandao ukikatika, hasara ni yako. Bando likiisha au umeme ukizimika, muda wako unakwisha, karata zako zinaachiwa, na madau ya lazima yanaendelea kukatwa. Anayecheza mahali penye mtandao wa kusuasua aweke hilo akilini kabla ya kulipa kiingilio.

f) Umri na leseni. Tanzania ina Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 na Bodi inayoisimamia. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza, na anayeendesha michezo hii lazima awe na leseni. Mtandao usio na leseni ukikataa kulipa, mchezaji hana pa kulalamika.

Hata mtandao wenyewe waweza kuwa ndio unaoiba. Kati ya miaka 2007 na 2008 ilifichuka kwamba katika mitandao ya Absolute Poker na UltimateBet zilikuwapo akaunti zilizoweza kuona karata za siri za wachezaji wote. Kwa muda mrefu watu walipoteza fedha wakidhani ni bahati mbaya.

Kwa hiyo kanuni hizi si ushamba wala urasimu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2413, inafundisha kwamba udanganyifu katika michezo ni jambo zito, isipokuwa hasara yenyewe iwe ndogo kiasi kwamba aliyeipata hawezi kwa busara kuiona kuwa kubwa. Anayevunja kanuni hizi mahali penye fedha ameiba, hata kama hakuna aliyemwona. Hatoshelezi kwa kuungama tu. Anadaiwa malipizi, yaani kurudisha alichochukua.

3. Adabu: upendo katika mambo madogo

Zaidi ya kanuni iko adabu, ambayo aghalabu haina adhabu. Anayeheshimu wenzake hachelewi makusudi kuwachosha. Mitandao humpa kila mchezaji akiba ya muda kwa maamuzi magumu, naye aitumie kwa ajili hiyo tu. Akiwa na karata za uhakika katika hatua ya mwisho, hakawii kuzifunua ili mwenzake aonje ushindi kwanza kisha anyang'anywe. Aliyetoka katika mzunguko hasemi alikuwa na karata gani wakati wengine bado wanacheza. Sehemu ya kuandikiana ujumbe haitumii kutukana wala kumfundisha aliyeshindwa jinsi alivyokosea. Akishinda anashukuru, akishindwa anasema "umecheza vizuri" na kuondoka.

Mambo haya si mageni kwetu. Wasukuma wana mchezo wa isolo, bao la kete na mashimo, ambao wazee huucheza chini ya mti kwa utulivu na utani usioumiza. Bujora, kwa jirani zetu wa Mwanza, makundi ya Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma wakati wa Bulabo, inayoambatana na sherehe ya Ekaristi Takatifu. Ushindani ni mkali, lakini jioni watu wanarudi kijijini wakiwa bado ni majirani. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba ipo fadhila ya kucheza kwa kiasi, kwa kuwa akili ya binadamu huchoka kama mwili na huhitaji pumziko.

Mpaka hapa tungeweza kusema: mcheza poka anayeshika kanuni na adabu ni mtu mwema. Lakini tuangalie vizuri. Kanuni zote tulizozitaja zinamlinda mchezaji dhidi ya mchezaji mwenzake. Hakuna hata moja inayomlinda mtu ambaye hakuketi mezani.

4. Wasioketi mezani

Mkristo anaulizwa kuhusu huyo. Katekisimu inasema kwamba michezo ya bahati na kuwekeana dau si kinyume cha haki kwa yenyewe. Inageuka kuwa isiyokubalika pale inapomnyima mtu kile anachohitaji kwa mahitaji yake na ya wengine, nayo inaonya kwamba shauku ya kamari yaweza kumfanya mtu mtumwa.

Tutazame maisha ya machimbo. Katika maduara ya wachimbaji wadogo huko Nyarugusu, Rwamgasa au Mwakitolyo, kijana aweza kufanya kazi miezi kadhaa bila mshahara. Anakula posho ya mwenye duara, akingoja mawe yapatikane, yasagwe karashani, na mgao ufanyike. Siku ya mgao anashika fedha ambayo hajapata kuishika kwa muda mrefu. Fedha hiyo inaonekana ni ya siku moja, kumbe ni ya miezi mingi. Ndani yake mna ada ya mtoto, mna deni la duka lililoikopesha familia unga, mna matibabu ya mama aliyebaki Maswa au Chato. Hao wote hawapo mezani, wala mtandao hauwajui. Kijana anapobonyeza kitufe cha kulipa kiingilio, anaweka dau la watu wengi kwa kidole kimoja.

Wengine hujitetea wakisema: uchimbaji nao ni kubahatisha, kuna tofauti gani? Ni kweli kwamba mchimbaji hajui kama atakuta mwamba wenye dhahabu. Lakini akiipata, duniani kumeongezeka kitu ambacho hakikuwapo mikononi mwa mtu. Anaipeleka kwenye soko la madini, kama lile lililofunguliwa Geita mwaka 2019, naye anauza jasho lake. Katika poka hakuna kinachozaliwa. Shilingi ya mshindi imetoka mfukoni mwa aliyeshindwa, ikapungua njiani kwa ada ya mwenye mtandao. Aliyeshindwa huenda naye alikuwa na mgao, na nyuma yake wapo watu wake wasioketi.

Maandiko Matakatifu yanatuonyesha kura mbili. Chini ya msalaba askari walipigia kura vazi la Bwana wetu, wakigombania kitu kisicho chao huku mwenye nacho akiteseka mbele yao. Katika Matendo ya Mitume, kura ilipigwa baada ya sala ili kumpata Mathia, na hakuna aliyepoteza chochote. Tofauti yake haikuwa kwenye kura yenyewe. Ilikuwa kwenye kitu kilichowekwa na mtu aliyebeba hasara.

Mtego mkubwa wa mashindano haya ni ruhusa ya kuingia tena. Aliyetoka mapema anaambiwa anaweza kulipa kiingilio kingine na kurudi. Hapo ndipo shilingi 11,000 zinapokuwa 22,000, kisha 33,000, na pale salio linapokwisha, mikopo ya simu na hata kausha damu inaanza kuitwa. Sababu inayotolewa ni ile ile daima: kurudisha kilichopotea. Wanaokumbukwa ni walioshinda tu. Mwaka 2003 Chris Moneymaker, mhasibu wa Marekani, alianza na shindano dogo la mtandaoni la dola 86 na mwishowe akashinda dola milioni 2.5 katika shindano kuu la dunia huko Las Vegas. Habari yake ilivuta watu wengi sana kwenye poka. Lakini katika shindano lile waliingia watu 839, na wengi wao walitoka bila zawadi yoyote.

5. Je, nikitoa sadaka?

Swali hili huulizwa kwa dhati: nikishinda, nikatoa fungu kwa ujenzi wa kigango, si fedha imetakaswa? Wapo wanaotaja mfano wa Padre Andrew Trapp wa Jimbo la Charleston, Marekani. Mwaka 2009 alishinda dola 100,000 katika shindano la poka lililorushwa kwenye televisheni, akazitoa kwa ujenzi wa kanisa.

Mtakatifu Thoma alikwisha kulijibu swali la namna hii alipofundisha juu ya sadaka. Anataja mapato ya mchezo ambayo mtu hawezi kuyatolea sadaka kwa kuwa anapaswa kuyarudisha: yaliyopatikana kutoka kwa wasio na mamlaka juu ya mali, kama watoto na wasio na akili timamu, yaliyopatikana kwa udanganyifu, na yale ya mtu aliyemvuta mwenzake kucheza kwa tamaa ya kumchuma. Tukiyaleta kwetu: mtoto wa sekondari anayecheza kwa simu ya baba yake, wawili wanaoambiana karata, na yule anayewatumia vijana wa kijiwe kiungo cha kujiunga ili apate bonasi kwa kila anayeingia. Fedha ya namna hiyo haiwi safi kwa kupita kwenye kapu la sadaka. Mungu hahongwi. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mtoaji ni fedha hii imetoka kwa nani, na kwa njia gani. Ukubwa wa fungu unakuja baadaye.

6. Neno kwa mafrateri na waseminari

Kanisa limekuwa kali zaidi kwa wakleri. Mtaguso wa nne wa Laterano, mwaka 1215, uliwakataza michezo ya kamari na hata kuwapo mahali inapochezwa. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliwazuia kujishughulisha na michezo ya bahati yenye fedha. Sheria ya mwaka 1983 haiutaji mchezo kwa jina, lakini inawadai waepuke kabisa yasiyofaa hali yao. Sababu si kwamba karata zina najisi. Padri anaishi kwa sadaka za watu. Shilingi anayoiweka dau yaweza kuwa imetolewa na mjane aliyeuza mtama.

Iko pia sababu ya muda. Shindano linaloanza saa mbili usiku mjini London wakati wa baridi huanza saa tano usiku kwetu, na mashindano makubwa huchukua saa nyingi. Anayefika hatua za mwisho atasikia kengele ya sala ya asubuhi akiwa bado macho. Frateri anayejificha na simu chini ya blanketi amekwisha kujibu swali lake mwenyewe. Afadhali amwendee mlezi wake kabla mlezi hajamjia.

Na asiogope aliyekwisha kunaswa. Mtakatifu Kamili wa Lelis, aliyezaliwa Italia mwaka 1550, alikuwa askari aliyepoteza kila kitu kwa kamari, akabaki kibarua katika ujenzi wa konventi ya Wakapuchini. Aliongoka tarehe 2 Februari 1575, akaanzisha shirika la kuwahudumia wagonjwa, na leo ni msimamizi wao.

7. Kwa familia na jumuiya

Yule mlei mtu mzima anayeona bado anaweza kucheza kwa burudani, ajiwekee kanuni kabla ya kuketi. Acheze fedha ambayo ikipotea hakuna atakayelala njaa wala kurudishwa shule. Mwenzi wake wa ndoa ajue kiasi hicho na akikubali. Asiingie kwa mkopo, wala asirudie kiingilio usiku huo huo. Domenika ibaki ya Bwana. Mitandao mingi ina sehemu ya kujiwekea kikomo au kujifungia akaunti. Aitumie mapema, akiwa bado na akili tulivu. Asiyeweza kumwambia mke wake kiasi alichoweka asiketi kabisa.

Jumuiya Ndogo Ndogo nazo zisiishie kulaumu. Siku ya mgao ni siku ya kumsindikiza kijana. Kikundi cha kuweka na kukopa cha jumuiya, au viongozi wa UWAKA na VIWAWA wakikubaliana na vijana walioko machimboni, wanaweza kumsaidia agawe fedha siku ile ile: ya nyumbani itumwe kwanza, madeni yalipwe, akiba iwekwe, na kinachobaki ndicho chake cha kuamua. Dau linapungua nguvu mtu anapokuwa amekwisha kuwapa haki yao wale wasioketi mezani.

Maswali ya kujadili

1. Katika kanuni sita tulizozieleza, ni ipi inavunjwa kwa urahisi zaidi katika mazingira yetu, na nani anaumia?
2. Fedha ya mgao katika familia zenu huamuliwa na nani, na lini?
3. Muumini akileta sadaka kubwa ya ghafla, viongozi wa kigango wafanye nini bila kumdhalilisha wala kufumba macho?
4. Jumuiya yetu inaweza kumpokeaje kijana aliyepoteza fedha za nyumbani, ili arudi na alipe, badala ya kukimbilia duara jingine kwa aibu?